HALLOWEEN KATIKA BUSTANI ZA BURUDANI: PANGA USIKU KWANZA, MCHANA UTAJIPANGA

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba sisi wa shule za sekondari huwa na hofu ya aina moja tu, nayo ni mitihani. Watahiniwa wa Kidato cha Nne hutembea na madaftari mkononi hata wakienda kupiga foleni ya chakula. Kumbe ng'ambo ya bahari, katika mwezi uo huo, wapo watu wanaotoa pesa zao, tena nyingi, ili watishwe! Mtu anaomba ruhusa kazini, anaendesha gari mamia ya kilomita, anapiga foleni saa nzima, ati mwingine aliyejipaka damu ya bandia amrukie gizani. Ama kweli, tembea uone!

Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi watu wa huko Marekani wanavyopanga likizo zao kufuatana na sherehe za Halloween katika bustani za burudani. Jambo hili nimelijua kwa karibu kwa sababu mama mdogo wangu anaishi Atlanta, katika jimbo la Georgia, na mwaka wa 2024 nyanya yetu alimtembelea huko. Safari yao ya Oktoba ilipangwa, ikavunjika, ikapangwa tena, na habari zake zote zilitufikia nyumbani kwa simu. Mengine nimeyasoma na kuyauliza mwenyewe.

HALLOWEEN NI NINI?

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, yaani mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo huwa tarehe 1 Novemba. Wenzetu Wakatoliki wanajua kwamba siku inayofuata, tarehe 2, ni ya kuwakumbuka marehemu wote. Wanahistoria wanaihusisha desturi hii na sikukuu ya kale ya Waselti wa Ireland na Uskochi iliyoitwa Samhain. Hiyo ilikuwa sikukuu ya kumaliza mavuno na kuingia msimu wa baridi, na watu waliamini kwamba usiku huo pazia kati ya walio hai na waliokufa huwa jepesi.

Katika karne ya 19 watu wengi wa Ireland walihamia Marekani, hasa baada ya njaa kuu ya miaka ya 1840, na desturi yao wakaibeba. Kwao walikuwa wakichonga mboga ya mizizi iitwayo tanipu na kuifanya taa. Walipofika Marekani walikuta maboga makubwa ya rangi ya machungwa ambayo ni rahisi zaidi kuchonga, basi boga likatawazwa kuwa alama ya Halloween hadi leo. Watoto huvaa mavazi ya kujigeuza, wakapita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende.

Sasa, bustani za burudani ziliingiaje hapo? Kwanza tuelewane maana. Bustani ya burudani si bustani ya maua. Ni uwanja mkubwa uliozungushiwa ua, mtu akilipa langoni anaingia kupanda treni za kupaa na kuporomoka, kutazama michezo ya kuigiza, gwaride na fataki, na kula. Wenye bustani hizo walikuwa na tatizo moja la muda mrefu. Shule zikiwa zimefungwa, wanajaza watu hadi pomoni. Shule zikifunguliwa mwezi wa Agosti na Septemba, watu wanapungua, lakini umeme, mishahara na matengenezo havipungui. Oktoba ulikuwa mwezi mkavu.

Bustani ya Knott's Berry Farm huko Buena Park, California, ambayo asili yake ni shamba la familia lililouza matunda ya beri kando ya barabara, ndiyo iliyoonyesha njia. Mwaka wa 1973 ilifanya usiku wa vitisho, na watu wakafurika. Huko Orlando, jimbo la Florida, Universal Studios ilianza mwaka wa 1991 kwa usiku tatu tu chini ya jina la Fright Nights. Mwaka uliofuata jina likabadilishwa kuwa Halloween Horror Nights. Nao Disney, katika bustani ya Magic Kingdom iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, walianza sherehe yao mwaka wa 1995, tena kwa usiku mmoja pekee wa tarehe 31 Oktoba. Waliiita Mickey's Not-So-Scary Halloween Party, maana yake sherehe isiyotisha sana.

Haba na haba hujaza kibaba. Usiku ule mmoja wa mwaka 1995 ulizaa mwingine na mwingine. Mwaka wa 2024 sherehe ya Disney ilianza tarehe 9 Agosti ikaishia 31 Oktoba, nayo ya Universal ilianza 30 Agosti ikaendelea hadi 3 Novemba. Mwezi mkavu umegeuka kuwa mavuno! Ni janga la korona tu lililozizima sherehe hizi mbili, mwaka wa 2020.

HOFU SI MOJA

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atege sikio, kwa maana ndicho kiini cha makala haya. Watu wengi wanapopanga safari huanza na mchana: tutalala wapi, tutakula nini, tutapanda nini. Safari ya Halloween huanzia usiku. Na kabla ya kuuchagua usiku, ni lazima mpangaji amjue kila mmoja wa watu wake na kiasi cha hofu anachoweza kubeba. Kwani sherehe hizi mbili nilizozitaja, ingawa ziko katika mji mmoja na zinaitwa kwa jina moja la Halloween, zimetofautiana kama mbingu na ardhi.

Sherehe ya Disney ni ya familia. Huanza saa moja jioni na kumalizika saa sita usiku. Watoto hupewa mifuko, wakapita vituo mbalimbali ndani ya bustani wakijaziwa peremende. Kuna gwaride ambalo hutanguliwa na mpanda farasi asiye na kichwa, ameshika boga linalowaka, anapita mbio kisha anatoweka. Baada ya hapo ni ngoma, fataki na Mickey mwenyewe. Mtoto wa miaka minne anaweza kwenda na akarudi akicheka.

Ile ya Universal ni kitu kingine kabisa. Kuna nyumba 10 za vitisho. Nyumba moja ni njia nyembamba inayopindapinda gizani, yenye moshi wa mashine, harufu, milio ya ghafla na waigizaji waliojificha nyuma ya mapazia na katika mashimo ya kuta. Kazi yao ni kumwangalia mgeni anapogeuza macho, kisha wanaruka upande ule asioutazamia. Mgeni hutembea ndani kwa dakika chache tu, lakini foleni ya kuingia yaweza kuzidi saa moja. Nje pia hakuna usalama, kwani kuna mitaa mizima ya mazimwi, wengine na misumeno inayounguruma. Waigizaji hawaruhusiwi kumgusa mgeni. Wenyewe wenye bustani huonya kwamba sherehe hiyo haiwafai watoto walio chini ya miaka 13.

Utauliza, mtu mwenye akili timamu anatafuta nini humo? Hebu nikukumbushe usiku wa bweni. Taa zikishazimwa, kuna yule mmoja ambaye hakosi hadithi ya mwanamke mwenye miguu ya ng'ombe aliyeonekana karibu na bafu. Wote mnajifunika blanketi gubigubi, lakini hakuna anayemwambia anyamaze! Mwili unapotishwa hutoa homoni iitwayo adrenalini, moyo unadunda, pumzi inakwenda mbio na macho yanakuwa makali. Akili ikijua kwamba hatari yenyewe si ya kweli, ule msisimko hugeuka kuwa raha, na baadaye kicheko. Lakini sharti ni moja: yule anayetishwa awe amekubali mwenyewe kutishwa. Asiyekubali, kwake si mchezo bali mateso.

FAMILIA YA MAMA MDOGO

Nyumbani kwa mama mdogo kulikuwa na watu watano wa kwenda, na kila mmoja na lake. Binamu yangu mkubwa ana miaka 16, na alikuwa amesema tangu mwezi wa Juni kwamba asipopelekwa kwenye nyumba za vitisho ni afadhali abaki Atlanta. Mdogo wake ana miaka tisa, na kila aendako kaka, naye yumo. Baba mdogo alikuwa tayari kwa lolote. Mama mdogo alikuwa na siku chache za likizo kazini na akiba aliyoweka tangu Januari. Kisha kulikuwa na nyanya.

Nyanya ni Mkatoliki wa zamani. Aliposikia habari ya mizuka na makaburi ya bandia, aliuliza swali moja: "Mwanangu, Novemba tunawaombea marehemu. Mbona Oktoba tuwafanyie mzaha?" Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, lakini nyumba nzima ikanyamaza. Babu yetu amelala kaburini miaka mitatu tu, na kwa nyanya neno kaburi si pambo la duka.

Mama mdogo angeweza kufanya kama wafanyavyo wengine, aseme wengi wape, wote waende mahali pamoja, anayeogopa afumbe macho. Hakufanya hivyo. Alimweleza nyanya wazi kilichomo katika kila sherehe, bila kumficha wala kumpamba maneno. Nyanya akasikiliza, akasema kwamba palipo na watoto wanaogawiwa peremende ataenda, lakini palipo na maiti hatakanyaga, na wala hatamzuia anayetaka kwenda. Kuhusu yule wa miaka tisa, mama mdogo alikuwa imara: "Akitishika humo, hakuna anayeweza kumrudishia usingizi wake." Mtoto alilia siku nzima, akanyamaza alipoambiwa kwamba atachagua vazi lake mwenyewe. Alichagua kuwa simba.

Basi uamuzi ukawa hivi: usiku mmoja wa Disney kwa watu wote watano, na usiku mwingine wa Universal kwa baba mdogo na binamu mkubwa tu. Hapo ndipo mipango mingine ikaanza kujipanga yenyewe.

MAMBO YA KUANGALIA

La kwanza ni tikiti. Sherehe hizi huwa na tikiti zake za pekee. Aliyelipa kiingilio cha mchana cha Magic Kingdom hawezi kubaki usiku wa sherehe, kwani kufikia saa kumi na mbili jioni wasio na utepe wa sherehe mkononi huanza kuelekezwa langoni. Lakini mwenye tikiti ya sherehe huruhusiwa kuingia tangu saa kumi alasiri. Kwa hiyo kununua tikiti zote mbili kwa siku moja ni kutupa pesa, isipokuwa kama mtu anataka kukaa humo tangu asubuhi. Wajanja wasiojali sherehe nao hufanya kinyume: huenda Magic Kingdom mchana wa siku ya sherehe, kwa kuwa wengi huikwepa siku hiyo inayokatizwa mapema, na foleni huwa fupi. Wao huona kila kitu kabla ya jioni, wakaondoka zao.

La pili ni tarehe. Bei haiko sawa kila usiku. Mwaka wa 2024 tikiti ya sherehe ya Disney kwa mtu mzima ilianzia dola 119 na kufika dola 199, na kadiri usiku unavyoikaribia tarehe 31 Oktoba ndivyo bei inavyopanda. Tupige hesabu kidogo, walimu wa hisabati wafurahi. Tofauti ya dola 80 kwa kila mtu, kwa watu wanne, ni dola 320. Tukikadiria shilingi 130 kwa dola moja, hizo ni shilingi 41,600! Fataki ni zilezile, peremende ni zilezile na gwaride ni lilelile. Ni tarehe tu. Vilevile mtu aangalie sikukuu za Wamarekani. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni siku ya mapumziko, na watu hufurika wikendi hiyo. Usiku wa katikati ya juma huwa na nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi.

La tatu ni usingizi. Jambo hili huonekana dogo, lakini ndilo huwagombanisha watu. Sherehe ya Universal huanza saa kumi na mbili unusu jioni na huenda ikafika saa nane za usiku. Mtu aliyetoka humo, akatafuta gari, akafika hotelini saa tisa, hawezi kuwa langoni mwa bustani nyingine saa mbili asubuhi huku anatabasamu. Basi siku inayofuata usiku mrefu iachwe tupu, na siku ya usiku wenyewe watu walale hadi saa sita mchana. Asiyefanya hivyo atakuwa amelipa pesa zote hizo aje asinzie kwenye benchi.

La nne ni mavazi. Hapa sheria zimepingana, na mtu asipojua atarudishwa langoni. Kwenye sherehe ya Disney watu wa umri wote huruhusiwa kuvaa mavazi ya kujigeuza, ila aliye na miaka 14 au zaidi hafai kuvaa kinyago cha kufunika uso. Siku za kawaida, mavazi hayo ni ya watoto wa miaka 13 kurudi chini pekee. Kwenye Halloween Horror Nights hairuhusiwi kabisa kuvaa mavazi ya kujigeuza wala vinyago, na sababu yake ni wazi: mgeni akivaa kama zimwi, nani atamtambua mwigizaji? Isitoshe, Florida ni jimbo la joto. Mwezi wa Septemba joto hufika nyuzi 32 na unyevu wake ni kama wa Mombasa. Vazi zito la manyoya ni adhabu. Yule simba wetu alivaa fulana ya manjano, mkia na masikio tu, na ilitosha.

La tano, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kimbunga.

KIMBUNGA HAKINA TIKITI

Msimu wa vimbunga katika bahari ya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Maana yake ni kwamba msimu wote wa Halloween uko ndani ya msimu wa vimbunga. Mwaka wa 2022 kimbunga Ian kilizifunga bustani za Orlando mwishoni mwa Septemba. Mwaka wa 2024 kikaja Milton.

Familia ya mama mdogo ilikuwa iondoke Atlanta Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024 ili wafaidi ile wikendi ndefu. Kutoka Atlanta hadi Orlando ni kilomita 700 hivi, safari ya takriban saa saba kwa gari. Mizigo ilikuwa imefungwa. Lakini tangu Jumatatu televisheni zilikuwa zikionyesha kimbunga kikijikusanyia nguvu katika Ghuba ya Meksiko, na watu wa pwani ya Tampa wakiambiwa wahame. Barabara za kutoka Florida zilijaa magari. Jumanne jioni mama mdogo akakata shauri: hatuendi. Binamu mkubwa aligoma kula. Milton ikapiga nchi kavu karibu na Siesta Key usiku wa Jumatano ile ile. Bustani za Orlando zilikuwa zimefunga mapema siku hiyo, na Alhamisi tarehe 10 hazikufunguliwa kabisa. Zilifunguliwa tena Ijumaa tarehe 11. Watu walipoteza maisha na nyumba katika kimbunga hicho, kwa hivyo hakuna mtu pale nyumbani aliyethubutu kulalamika tena juu ya peremende.

Kilichowaokoa ni jinsi walivyopanga. Mama mdogo alikuwa amechagua chumba ambacho waweza kukiahirisha bila kutozwa, ingawa kilikuwa ghali kidogo kuliko vingine. Hakuwa ameipanga safari katika juma la mwisho kabisa la nyanya kukaa Marekani, bali aliacha majuma matatu mbele yake. Na likizo yake kazini alikuwa ameiomba kwa njia ambayo ingeweza kusogezwa. Basi wakasogeza kila kitu mbele majuma mawili, watoto wakaombewa ruhusa shuleni, na safari ikafanyika. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, nami naongeza: anayepanga safari ya Florida mwezi wa Oktoba bila kuacha nafasi ya kuahirisha, hajapanga bado.

HARAMBEE ISIYO NA MGENI WA HESHIMA

Sasa kuna jambo litakalowafurahisha wanachama wa Chama cha Kiswahili. Siku ambayo baba mdogo na binamu mkubwa walilala wakingojea usiku wao, mama mdogo, nyanya na simba wetu walienda bustani nyingine ya Disney iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka wa 1998. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, kwa herufi moja ya e. Kuta zimechakazwa makusudi zionekane kuukuu, na mabango yake yana maneno ya Kiswahili. Kutoka hapo wageni hupanda malori kwenda kuona twiga, viboko na simba wa kweli. Hoteli iliyo karibu ina sehemu mbili, Jambo House na Kidani Village, na mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa.

Nyanya alisimama mbele ya lile jina akalisoma kwa sauti, akauliza, "Harambee gani hii isiyo na mgeni wa heshima?" Mama mdogo akamjibu kwamba mchango wake hutozwa langoni. Tuliposimuliwa kwenye simu tulicheka hadi machozi. Lakini nyanya alikuwa na neno lingine. Alisema kwamba aliona fahari kuona lugha yake ukutani mbali vile, na pia aliona ajabu kwamba kwetu sisi ni nyumbani, na kwa wengine ni pambo, kama vile kaburi lilivyo pambo lao la Oktoba. Sikuwa na la kumjibu. Huko Tampa, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Orlando, kuna bustani ya Busch Gardens ambayo ina sehemu nzima iitwayo Nairobi, nayo pia hufanya usiku wa vitisho. Sijui nyanya angesema nini huko!

Usiku wa Disney nyanya alienda kama alivyoahidi. Alikalia kiti cha kukunja, akamwona mpanda farasi asiye na kichwa akipita, akafanya ishara ya msalaba, kisha akacheka alipoona wajukuu wanamcheka. Binamu mkubwa naye alipata alichotaka usiku wake. Alitoka kwenye nyumba ya nne akiwa amemshika babake mkono, jambo ambalo hajafanya tangu darasa la pili, na nasikia ameomba lisiandikwe popote.

NA SISI TULIO KENYA?

Msomaji anaweza kusema, haya yote ni ya walio huko. Kweli, safari ya kutoka hapa ni ndefu na ya gharama. Mkenya anahitaji viza, na mwaka wa 2024 ada ya maombi ya viza ya matembezi ilikuwa dola 185, ambazo hazirudishwi hata ukinyimwa. Kwa hivyo mtu asinunue tikiti ya sherehe kabla ya viza kuwa mkononi. Tangu Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilianza safari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, na kutoka huko mtu huunganisha ndege ya kwenda Orlando.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwanafunzi wa Kenya hawezi kwenda Oktoba kwa sababu ya muhula wa tatu na mitihani. Lakini kwa vile sherehe ya Disney siku hizi huanza mwezi wa Agosti, likizo yetu ya Agosti huangukia ndani yake, tena wakati ambapo bei bado iko chini. Boga mwezi wa Agosti ni kichekesho, lakini kwa mwenye jamaa huko ni nafasi.

Hata asiyetarajia kupanda ndege atavuna kitu hapa. Tunapopanga ziara za chama chetu, huwa tunaanza na basi na chakula. Tungeanza kwa kuuliza kila mmoja anataka kuona nini na anaogopa nini, tungepunguza manung'uniko ya njiani. Aogopaye maji asilazimishwe kupanda mashua, na apendaye maji asinyimwe kwa ajili ya mwenzake. Kiongozi wa safari naye aache siku ya akiba, kwani mvua na mgomo wa matatu havina tikiti pia.

Nimalizie kwa kusema hivi. Sitaki kuhukumu kama Halloween ni nzuri au mbaya. Walimu wetu wa dini wana lao, na wapenda filamu za vitisho wana lao. Nilichojifunza ni kwamba watu watano wanaweza kwenda sherehe moja yenye ubishi mwingi, kila mmoja akaheshimiwa, mradi mpangaji awasikilize kabla ya kununua tikiti. Tarehe 2 Novemba mama mdogo alimpeleka nyanya kanisani kumwombea babu. Aliyewaendesha, bila kuambiwa na mtu, alikuwa binamu yangu mkubwa.